Hodi Isiyoitikiwa: Kutatua Matatizo ya IRQ Kwenye Kompyuta za Maghala na Ofisi za Kusini

Msimu wa korosho ukifunguka, kompyuta za maghala kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, Newala, Nachingwea na Liwale hufanya kazi kutwa nzima. Mzani umeunganishwa kwa kebo ya siriali. Kebo imeingia kwenye kadi ya kuongeza, kwa sababu mazabodi nyingi (bodi kuu za kompyuta) za siku hizi hazina poti hiyo. Pembeni kuna printa ya utepe inayochapa stakabadhi kwa nakala. Saa nne asubuhi, malori yakiwa kwenye foleni, karani anasema: "Mzani umelala." Skrini imeganda kwenye kilo 81, na gunia limeshashushwa zamani.

Mafundi wengi hapo huchomoa kadi na kuichomeka sloti nyingine. Wakati mwingine mashine inapona, na ubaya unaanzia hapo, maana hakuna anayejua imepona kwa nini, na wiki ijayo inalala tena. Swali la kuanza nalo ni hili: namba ya IRQ ya kadi hii, yaani namba ambayo kadi huiitia prosesa, imegawiwa na nani? Ni jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini za kadi), ni BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoamsha mashine), ni mfumo endeshi, au kadi yenyewe haitumii waya wa IRQ kabisa? Dawa hupelekwa kwa aliyegawa. Ukihangaika na BIOS wakati mgawaji ni Windows, unatwanga maji kwenye kinu.

Nani hugawa milango

Prosesa haikai ikiikodolea macho kadi. Herufi ikifika kutoka kwenye mzani, kadi hupiga hodi, yaani hutuma katizo. Prosesa huacha kidogo inachofanya na kuita draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha. Draiva huchukua herufi, huizima ile ishara, na kazi ya awali huendelea. IRQ ni namba ya mlango unaopigiwa hodi. Hodi ikipigwa kwenye mlango ambao draiva haisikilizi, herufi hubaki kwenye kadi mpaka ifutwe na zinazofuata.

IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na milango 8, yote ikisimamiwa na chipu moja ya 8259A. PC/AT ya mwaka 1984 iliongeza chipu ya pili kupitia IRQ 2 ya ile ya kwanza, kwa hiyo milango ya kutumika ikawa 15. Mingi ilipata wenyewe tangu wakati huo: 0 ni saa ya mfumo, 1 kibodi, 3 ni COM2 na COM4 (poti za siriali), 4 ni COM1 na COM3, 6 floppy, 7 poti ya printa, 8 saa ya tarehe, 12 kipanya cha PS/2, 13 chipu ya hesabu, 14 na 15 diski za IDE. Iliyobaki kwa kadi ni 5, 9, 10 na 11. Hata 9, kwenye mashine zenye ACPI (utaratibu unaouwezesha mfumo endeshi kusimamia umeme na vifaa), kwa kawaida hushikwa na ACPI yenyewe.

Kwenye kadi za ISA, aina ya sloti ya zamani, mgawaji ni fundi, kwa kidole chake: jampa, swichi ndogo, au programu ya diski iliyokuja na kadi. Ishara ya ISA ni kule kupanda kwa volti, si kubaki kwake juu. Kadi mbili zikishika waya mmoja, hodi ya moja humezwa na ya nyingine, ndiyo maana kadi za ISA hazishirikiani IRQ.

PCI, aina ya sloti iliyofuata ISA, ilibadilisha mambo mawili. Kila sloti ina nyaya nne, INTA hadi INTD, ambazo mazabodi huzipeleka kwenye njia za chipseti ziitwazo PIRQ. BIOS ndiyo huamua PIRQ ipi iende IRQ ipi. Pili, kadi hushusha volti na kuishikilia chini mpaka draiva iifute. Kwa hiyo kadi nne zinaweza kutumia mlango mmoja bila ugomvi: mfumo huziita draiva zote za mlango huo kwa zamu, na kila draiva huiuliza kadi yake kama ndiyo iliyopiga. BIOS ikimaliza kugawa, huandika namba kwenye rejista ya 3Ch ya kadi. Rejista hiyo ni daftari la kumbukumbu tu. Kuandika namba nyingine pale hakuhamishi waya, na thamani ya 255 maana yake hakuna mlango unaojulikana.

Mashine zilipoanza kutumia ACPI na APIC (kidhibiti cha hodi kilichochukua nafasi ya 8259A), ugawaji ulihamia kwa mfumo endeshi. Mtengenezaji wa mazabodi huandika jedwali liitwalo _PRT, linaloeleza sloti ipi imeunganishwa na mlango upi. Windows au Linux hulisoma na kugawa upya. APIC ya kawaida ya upande wa vifaa ina milango 24, ndiyo sababu ukaona IRQ 16 hadi 23 kwa kadi za PCI. Jedwali likiwa na kosa, mfumo utasikiliza mlango wa 18 huku kadi ikipiga wa 19. Kosa hilo halitibiwi kwa draiva. Linatibiwa kwa BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Mwisho kuna MSI, iliyoingia na PCI 2.2. Kadi haishiki waya wowote. Huandika ujumbe kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na ujumbe huo ndio hodi. MSI huruhusu hadi hodi 32 tofauti kwa kadi moja, na MSI-X hufika 2048. PCI Express, mrithi wa PCI, haina nyaya za INTA kabisa. Kadi ya PCI Express isiyotumia MSI huigiza waya kwa kutuma ujumbe wa kushika na ujumbe wa kuachia. Windows ilianza kuelewa MSI tangu Vista.

Andika hali ilivyo kabla ya kushika bisibisi

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, fungua "Hardware Resources", kisha "IRQs". Hifadhi orodha kama faili, ubaki nayo ya kulinganisha baadaye. Ukiona namba kubwa ya ajabu kama 4294967290, usishtuke. Hiyo ni −6 iliyoandikwa bila alama ya kutoa, na namba hasi ni ishara kwamba kadi inatumia MSI. Kadi ya namna hiyo haiwezi kugongana IRQ na kadi nyingine, kwa hiyo ondoa wazo hilo mapema. Sehemu ya "Conflicts/Sharing" nayo hutisha watu bure. Vifaa vitatu vya PCI kwenye IRQ 16 si kosa. Jina la ukurasa linachanganya kugongana na kushirikiana, na ni vitu viwili tofauti.

Kwenye Linux kuna kipimo bora kuliko vyote:

`cat /proc/interrupts`

Utaona mstari wa aina hii:

`16:  48213  0  IO-APIC  16-fasteoi  ehci_hcd:usb1, ttyS4`

Namba ya kwanza ni mlango. 48213 ni idadi ya hodi zilizopigwa tangu mashine iwashwe, zikihesabiwa kwa kila kiini cha prosesa. IO-APIC maana yake ni waya. Ingekuwa MSI ungeona PCI-MSI. Mwishoni ni wanaosikiliza mlango huo: USB na poti ya siriali ya kadi. Sasa fungua programu ya mzani, mwambie mpima aweke gunia, subiri sekunde kumi, rudia amri. Kuna majibu matatu. Idadi imepanda kwa makumi au mamia: hodi inafika, tafuta tatizo kwenye programu au mpangilio wa poti. Haikupanda hata moja: hodi haifiki. Imepanda kwa mamia ya maelfu: kuna kadi inayopiga hodi bila kukoma. Kipimo hiki cha sekunde kumi huokoa siku nzima ya kubahatisha, na hata pale ghala linapotumia Windows inafaa kubeba flashi yenye Linux ya kuwashia kwa ajili yake tu.

Kadi haionekani kabisa

Kama kadi haimo kwenye Device Manager ya Windows wala kwenye `lspci` (amri ya Linux inayoorodhesha kadi), tatizo si IRQ. Namba hugawiwa kifaa kilichokwisha kuonekana. Tafuta mguso mbovu, sloti mbovu au kadi iliyokufa.

Pwani hii mguso mbovu ndio mshukiwa wa kwanza. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko hewa ina chumvi. Masasi na Nachingwea kuna vumbi jekundu, na ndani ya ghala nyuzi za magunia huvutwa na feni hadi zinatanda juu ya mazabodi. Vumbi hilo likinyonya unyevu wa masika, hula shaba taratibu.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili chaji iishe, gusa chuma cha kasha, ndipo utoe kadi. Iinamishe kidogo chini ya taa. Meno ya dhahabu yanapaswa kung'aa sawasawa. Mstari uliofifia, vidoa vyeupe au ukungu wa kijani karibu na shina la jino ni kutu. Pitisha kifutio laini cheupe cha penseli kuelekea urefu wa meno mara mbili tatu bila kukandamiza, pangusa makombo, kisha malizia kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ukiwa na ile ya asilimia 70 ya duka la dawa itafaa pia, ila ina maji mengi, kwa hiyo subiri angalau nusu saa kabla ya kuwasha. Msasa usiguse kadi. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno, na likiondoka shaba iliyo chini itaota kutu upya ndani ya msimu mmoja.

Kwa kadi za PCI za kawaida kuna hali ya katikati inayowapoteza wengi: kadi inaonekana, draiva inaingia, namba inagawiwa, lakini hodi haipigwi kamwe. Waya wa INTA uko kwenye jino la 6 la upande wa nyuma wa kadi, ule usio na chipu, ukihesabu kutoka kwenye bati la kufungia. Jino hilo moja likiwa na kutu, mengine yote yakawa mazima, utapata dalili hii hasa. Lisafishe kwa uangalifu wa pekee, kisha chomeka na kuchomoa kadi mara tatu nne umeme ukiwa umezimwa, ili miguso ya sloti nayo ijisugue.

Imeonekana, ila hesabu ya hodi haipandi

Tenganisha kadi na mzani kwanza. Chomoa kebo, unganisha pini ya 2 na ya 3 za poti ya pini tisa kwa kipande cha waya, fungua programu yoyote ya kutumia poti ya siriali, zima udhibiti wa mtiririko, uandike herufi. Kila unachoandika kirudi. Kikirudi, kadi na IRQ ni nzima, kagua kebo na mzani. Kisiporudi na umeshasafisha meno, jaribu kadi kwenye mashine nyingine. Radi iliyopita kwenye kebo ndefu ya mzani huua chipu ya kupokea ishara na kuacha sehemu nyingine ya kadi ikiwa hai, na kadi hiyo huonekana nzima kwa kila kigezo isipokuwa hiki.

Kadi ikiwa nzima kwenye mashine nyingine, sasa mshuku mgawaji. Ingiza BIOS mpya ya mazabodi kama ipo. Kwenye Linux, washa mara moja ukiwa na `acpi=noirq`, inayouambia mfumo uache jedwali la ACPI katika kugawa milango. Mashine ikifanya kazi hivyo, umethibitisha kwamba jedwali lina kosa. Kuongeza neno hilo, kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine ikiwaka, bonyeza e, liandike mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Halibaki baada ya kuzima, kwa hiyo ni jaribio salama.

Jana ilikuwa nzima, umeme umerudi haifanyi kazi

Tazama tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ya mazabodi imekwisha, na mipangilio ya BIOS imerudi ya kiwandani. Betri ni CR2032 ya volti 3. Mpya husoma takribani 3.2 kwenye mita. Ikiwa chini ya 2.8, ibadilishe bila mjadala. Kwenye mashine nyingi mpya mipangilio huhifadhiwa kwenye chipu ya flashi na hupotea saa tu, lakini zile za zamani zilizojaa kwenye ofisi zetu hupoteza vyote.

Uhusiano wake na IRQ ni huu. Fundi aliyefunga mashine alizima poti ya siriali ya mazabodi ili kuiachia kadi nafasi. Betri imekufa, poti ile imewaka tena kwenye anwani 3F8 na IRQ 4, na inaweza kujitwalia jina la COM1. Programu ya mzani inafungua COM1 na kusikiliza poti ambayo haina kebo. Hakuna kilichoharibika. Badilisha betri, ingia BIOS, zima tena poti isiyotumika, rekebisha tarehe. Kwenye BIOS za zamani chagua pia "Reset Configuration Data", inayofuta kumbukumbu ya ugawaji ya ESCD na kuilazimisha BIOS igawe upya. Kipengele hicho hujirudisha "Disabled" chenyewe baada ya kuwasha.

Code 12

Windows ikionyesha Code 12 kwenye kadi, inasema haikupata rasilimali za kutosha. Wengi husoma hapo "IRQ imegongana". Kwenye mashine ya ISA na PCI za zamani inaweza kuwa kweli. Kwenye mashine za PCI Express mara nyingi kilichokosekana ni anwani za kumbukumbu, hasa ukichomeka kadi kubwa ya picha. Fungua Properties za kadi, kichupo cha "Resources", usome kinachotajwa chini. Kikitajwa "Memory Range", washa "Above 4G Decoding" kwenye BIOS kama ipo, na achana na IRQ. Ikitajwa IRQ, zima kwenye BIOS vitu visivyotumika: poti ya printa ya mazabodi, siriali ya pili, kidhibiti cha floppy. Poti ya printa inaweza kuchapa bila IRQ kabisa ukichagua "Never use an interrupt" kwenye mipangilio yake, na hivyo IRQ 7 inarudi mikononi mwako.

Mashine kongwe: kipanya kinaganda kadi nyingine ikifanya kazi

Bado zipo mashine zenye ISA, zikilindwa kwa sababu ya programu moja ya DOS. Dalili yake: kipanya cha siriali kwenye COM1 kinaganda kila modemu au mzani wa COM3 unapoanza kutuma. Zote mbili ziko IRQ 4. Hamisha jampa ya moja hadi IRQ 5 au 10, na umwambie programu namba mpya, kwa sababu programu za DOS hazigundui zenyewe. Kisha ingia BIOS, sehemu ya PCI na PnP, ugeuze IRQ uliyochagua kutoka "PCI/ISA PnP" iwe "Legacy ISA". Usipofanya hivyo BIOS inaweza kuigawia kadi ya PCI mlango huohuo, kwani haina njia ya kuona jampa. "PnP OS Installed" iwe "No", ili BIOS igawie kadi zote na si zile za kuwashia tu.

Kama ni Windows XP na karibu kila kadi imekaa IRQ 9, hilo ni la kawaida kwa ACPI bila APIC. Liache kama hakuna dalili nyingine.

Mashine nzito ghafla

Fungua Task Manager, panga kwa CPU. "System interrupts" kwenye mashine iliyotulia hukaa chini ya asilimia 1 au 2. Ikiwa 15, 30 au zaidi, kuna kifaa kinachopiga hodi bila kukoma. Kwenye Linux tafuta kwa `dmesg`, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, maneno haya:

`irq 16: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)`

na chini yake `Disabling IRQ #16`. Hodi imepigwa, draiva zote za mlango huo zimeulizwa, kila moja imesema si kadi yangu. Kati ya hodi 100,000 zikikosa mwenyewe zaidi ya 99,900, Linux hufunga mlango ili mashine isife. Hapa ndipo asiye na hatia huadhibiwa: mlango ukifungwa, kila kadi iliyoushiriki inazimika nayo. Mzani uliolala ulikuwa mzima; mkosaji ni jirani yake wa USB au wa sauti.

Orodhesha majirani kutoka `/proc/interrupts` au `msinfo32`, kisha zima mmoja mmoja kupitia Device Manager, ukiangalia asilimia baada ya kila hatua. Ikishuka, umempata. Kumbuka pia kifaa kisicho na draiva: BIOS inaweza kukiacha kimeshika waya chini, na hakuna wa kukinyamazisha kwa kuwa draiva yake haijafungwa. Kukifungia draiva, au kukizima BIOS, kunatosha. `irqpoll` ni mkongojo. Huilazimisha Linux kuwauliza wote kila mara, mashine inatembea lakini polepole. Itumie kumaliza siku ya mauzo, kisha rudi utafute mkosaji.

Uzito unafika, ila tarakimu zinapotea

Mzani unasema 81.4, skrini inaonyesha 8.4. Hodi imefika ila imechelewa kuitikiwa. Kwa kasi ya 9600, herufi moja yenye biti 10 huchukua milisekunde 1.04. Chipu ya zamani ya 16450 huhifadhi herufi moja tu, kwa hiyo prosesa ina milisekunde moja ya kuitikia. Chipu ya 16550A huhifadhi 16, lakini Windows kwa kawaida huipangia ipige hodi zikifika 14, hivyo nafasi iliyobaki ni ya herufi mbili, takribani milisekunde 2. Draiva nyingine ikishikilia prosesa zaidi ya hapo, tarakimu imekwenda.

Fungua Device Manager, "Ports", poti husika, "Port Settings", "Advanced". Hakikisha "Use FIFO buffers" ina alama, kisha shusha kipimo cha kupokea kutoka 14 hadi 8. Sasa una takribani milisekunde 8, mara nne ya mwanzo, na gharama yake ni hodi chache za ziada. Tarakimu zikizidi kupotea, programu ya LatencyMon itakuonyesha draiva inayochelewesha. Draiva za Wi-Fi ni za kukagua mapema. Kama ni uzito wa mkulima unaopotea tarakimu, acha kupima mpaka hili limalizike. Kosa la namba moja ni fedha ya mtu.

MSI: kuiwasha na kuizima

Kadi ya sauti inayokwaruza au kadi ya mtandao inayokatika ikiwa imeshiriki mlango wa waya, huweza kutulia ikihamishiwa MSI. Kwenye Linux `lspci -vv` itaonyesha `MSI: Enable-` kwa kadi inayoiweza lakini haijawashwa. Kwenye Windows thamani ni `MSISupported`, iliyo chini ya ufunguo wa kadi, ndani ya `Device Parameters\Interrupt Management\MessageSignaledInterruptProperties`. Iweke 1, uwashe upya. Tengeneza nakala ya kurejesha mfumo kwanza, na usijaribu kwenye kidhibiti cha diski, kwa sababu kikikataa Windows haitawaka.

Kinyume chake pia hutokea: kadi inatangaza MSI lakini ujumbe wake haufiki. Kwenye Linux washa ukiwa na `pci=nomsi`. Ikipona, umejua.

Kuhamisha sloti kwa hesabu

Sasa tu ndipo kuhamisha kadi kunapokuwa na maana, yaani ukishajua kwamba inatumia waya na inasumbuliwa na jirani. Nyaya huzungushwa kati ya sloti. Mpangilio wa kawaida ni INTA ya sloti ya 1 kwenda PIRQ A, ya sloti ya 2 kwenda B, ya 3 kwenda C, ya 4 kwenda D, na ya 5 kurudi A. Kadi nyingi hutumia INTA pekee. Kwa hiyo kutoka sloti ya 1 kwenda ya 5 hujabadilisha kitu, lakini kutoka ya 1 kwenda ya 2 umebadilisha jirani. Kitabu cha mazabodi mara nyingi kina jedwali lake, litazame hilo kabla ya mfano huu. Kwenye mazabodi mpya zenye sloti za PCI ya zamani, sloti hizo hukaa nyuma ya chipu ya daraja na zote hupitia njia nne za daraja hilo.

Baada ya kuhamisha, Windows huiona kadi kama kifaa kipya na kuipa jina jipya. COM3 inakuwa COM5, programu ya mzani inaendelea kuita COM3, na fundi anadhani kazi imeshindikana. Rudi "Advanced" ya poti, ichagulie COM3. Ukiambiwa jina linatumika, ni kumbukumbu ya sloti ya zamani. Kwenye Device Manager washa "Show hidden devices", futa poti iliyofifia, kisha chagua tena. Kwenye Linux kagua ttyS kwa `dmesg | grep ttyS`.

Kabla ya kufunga kasha, andika kwenye karatasi sloti, IRQ, jina la poti, poti zilizozimwa BIOS na tarehe ya betri. Ibandike ndani ya kifuniko kwa gundi ya uwazi pande zote, unyevu usiifikie. Fundi atakayeitwa Tandahimba au Ruangwa msimu ujao, malori yakisubiri nje, ataanza nayo.